Kuchambua mahojiano ya tasnifu: kutoka rekodi za simu hadi sura ya matokeo

Juzi nilikaa na mwanafunzi wa uzamili aliyekuwa na mahojiano 18 kwenye simu yake. Yote yalihusu namna shule na huduma za ustawi wa jamii zinavyoshirikiana pale mtoto anapoanza kukosa masomo. Yalikuwa mahojiano mazuri: walimu wamefunguka, maafisa ustawi wamefunguka, walezi wamesema mambo mazito. Lakini hakuwa amenukuu hata moja, yaani kuigeuza sauti kuwa maandishi neno kwa neno, na rasimu ilikuwa inadaiwa. Tulifanya kazi pamoja jioni kadhaa, na karibu kila nililomwambia nilikuwa nimelijifunza kwa kuumia kwenye tasnifu yangu mwenyewe. Nayaandika hapa kwa yeyote anayetafiti elimu au huduma za jamii kwa njia ya mahojiano. Kama wewe ni mtu wa hojaji na takwimu, soma hatua ya pili, nyingine hazitakufaa sana.

Kuna jambo moja ambalo ningependa ulishike hata ukisahau mengine yote: uchambuzi huanza siku ya mahojiano ya kwanza. Nukuu na usimbe (yaani kipe kila kipande cha maneno jina fupi, msimbo, linaloonyesha kinasema nini) mawili ya kwanza kabla ya kwenda kufanya la tatu. Anayesubiri mpaka amalize yote hugundua swali alilopaswa kuuliza wakati watu wa kuwauliza wameshatawanyika.

Hatua ya 1: Lisafishe swali lako

Nachukulia andiko lako la kuombea utafiti limeshapitishwa. Litazame swali la utafiti. Kama lina neno "changamoto", liondoe ukiwa bado na nafasi ya kuzungumza na msimamizi. Ukiuliza "ni changamoto zipi" utapewa orodha, na orodha ukishaihesabu huna tena cha kuichambua. Linganisha na hili: "Mwalimu anapohisi mtoto ana shida nyumbani, anaamuaje kumwita afisa ustawi au kutomwita?" Hapo pana mtu, pana tukio, pana uamuzi. Mahojiano yatakuwa na masimulizi ndani yake.

Hatua ya 2: Ridhaa

Kibali cha kamati ya maadili na barua ya mkuu wa shule vinakufungulia mlango tu. Ridhaa anaitoa mtu mwenyewe, baada ya kuelewa unataka nini na utayafanyia nini maneno yake.

Kwa mtoto kuna ngazi mbili. Mzazi au mlezi anaridhia, kisha mtoto naye anaulizwa, kwa maneno ya umri wake. Mtoto akisema hapana, basi, hata kama mama yake ameshasaini. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu na maoni hayo kuzingatiwa. Mtafiti wa elimu hawezi kuwa wa kwanza kulisahau hilo. Na hapana ya mtoto mara nyingi haitamkwi. Anayejibu "sijui" mara tano mfululizo huku akitazama mlango ameshakujibu. Funga daftari, mshukuru, mwache aende.

Kwa wanaopokea huduma kuna hatari nyingine. Mtu anayetegemea ofisi fulani kwa msaada anaweza kukubali kuhojiwa kwa kuogopa kuwa akikataa atakatwa jina. Mwambie kwa mdomo, usiiachie fomu peke yake, kwamba huduma yake haina uhusiano wowote na wewe. Ikiwezekana, mhojie mbali na ofisi hiyo.

Halafu siri ina mpaka. Amua kabla ya kuingia uwanjani utamwambia nani, na kwa njia gani, endapo mtoto atakueleza kuwa anaumizwa. Mpaka huo uandikwe kwenye fomu na usemwe kabla kinasa sauti hakijawashwa. Ukimwahidi mtu siri isiyo na kikomo, utajikuta umebeba ahadi usiyoweza kuitimiza.

Hatua ya 3: Kurekodi

Vifaa viwili, daima. Simu ikatwe mtandao isije ikaita katikati. Hamisha faili siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Unukuzi

Tenga saa nne hadi sita kwa kila saa moja ya sauti, na zaidi kama palikuwa na kelele au watu wawili wanazungumza kwa pamoja. Mimi natumia oTranscribe: ni bure, inafunguka ndani ya kivinjari, na faili la sauti linabaki kwenye kompyuta yako. Unasimamisha na kurudisha sauti kwa kibodi bila kugusa kipanya. Inaonekana kitu kidogo mpaka ufike saa ya tatu.

Programu zinazogeuza sauti kuwa maandishi zenyewe zina faida yake, ila zina mambo mawili ya kuangalia. Zipo zinazopeleka sauti kwenye kompyuta za watu wengine, na kama fomu yako ya ridhaa haikuruhusu hilo, huna haki ya kufanya hivyo. La pili, mashine inapokosa kusikia wakati mwingine hutunga sentensi iliyonyooka kabisa, na usiposikiliza tena hutaijua. Mahojiano matatu ya kwanza nukuu kwa mikono yako. Hapo ndipo utakaposikia pale ulipomkatiza mtu akiwa anakaribia kusema jambo la maana. Mwanafunzi niliyekuwa naye alijisikia akifanya hivyo mara nne ndani ya dakika kumi za mwanzo, akaandika pembeni "nyamaza, hesabu hadi tano".

Nukuu kwa lugha aliyozungumza mtu, na uchambue kwa lugha hiyohiyo. Tafsiri vile vipande tu utakavyoviweka kwenye tasnifu, kama chuo chako kinataka lugha nyingine.

Majina yaondoke wakati huohuo unaponukuu. M03 ni mwalimu wa tatu, A02 afisa ustawi wa pili, L05 mlezi wa tano. Faili linalounganisha namba na majina likae mahali pake, lina neno la siri. Ila jina ni sehemu ndogo tu ya utambulisho. Ukiandika "mwalimu wa ushauri nasaha, mwanamume, aliyehamia shuleni hapo mwaka jana", wenzake wote wamemjua. Soma kila nukuu kwa macho ya mtu anayefanya kazi naye chumba kimoja.

Hatua ya 5: Kusimba

Hapa ndipo nilipopoteza wiki mbili nzima, na ndipo nitakapokaa sana.

Nilikuwa nimenukuu mahojiano yote, nikayaingiza kwenye programu, nikaanza kubandika misimbo. Kila kipande nilikipa neno: mawasiliano, umaskini, wazazi, rasilimali, mtazamo. Nikafika misimbo zaidi ya 140 na nikajiona nimefanya kazi. Siku nilipoketi kuandika, nikaufungua msimbo "mawasiliano". Ulikuwa na vipande 61. Ndani yake mwalimu mmoja analalamika kuwa simu yake haipokelewi, afisa ustawi anasema habari za mtoto hupewa na mlinzi wa getini, mlezi anasema alisikia kuhusu kikao baada ya kikao kwisha. Watu hao hawasemi jambo moja hata kidogo. Msimbo wangu ulikuwa gunia. Nikafuta yote nikaanza upya.

Tazama mfano. Maneno haya nimeyatunga, maana ya wasailiwa wangu si yangu kuyaanika hapa:

"Shule wananiita mtoto akishaharibikiwa. Nikifika, wameshaamua wanachotaka, mimi natakiwa kuweka saini tu. Na nikikataa, mwaka unaofuata hawaniiti tena."

Nilivyokuwa nikisimba zamani, hapo ningeandika "mawasiliano" na "ushirikiano hafifu", nikaendelea. Ninavyosimba sasa, naona mambo matatu: *shule yamwita afisa tatizo likishakomaa*, *afisa aidhinisha uamuzi wa wengine*, *kukataa kunamfungia afisa mlango*. Kila msimbo una kitenzi na unasema nani anamfanyia nani nini. Huo wa tatu ndio dhahabu, na ungezama moja kwa moja ndani ya "ushirikiano hafifu". Msimbo wa neno moja hukuambia mtu alizungumzia nini. Wenye kitenzi hukuambia alisema nini juu yake.

Mahojiano mawili ya kwanza yasimbe kwenye karatasi, kwa kalamu, mstari kwa mstari. Chapa ukiacha nafasi pana upande wa kulia. Najua una haraka. Fanya hivyo hata kama una haraka.

Kisha fungua daftari la misimbo. Kila msimbo upewe jina, maana yake kwa sentensi moja, kinachoingia, kisichoingia, na mfano mmoja wa nukuu. Watu wengi huiacha safu ya "kisichoingia", na ndiyo inayokuokoa. Mwezi mmoja baadaye hutakumbuka kwa nini ulitenganisha *shule yachelewa kuita* na *shule haijui imwite nani*. Daftari litakumbuka.

Usikate kipande kifupi mno. Jibu likitenganishwa na swali lililolizaa hupotosha. Ukikuta "ndiyo, wanasaidia", angalia kama ulikuwa umeuliza "Je, wanasaidia?" Kama ndivyo, hilo ni jibu lako mwenyewe kinywani mwa mtu mwingine, lisikae kwenye matokeo.

Kuhusu nadharia. Katika elimu na ustawi wa jamii wengi hutumia mifumo ya ikolojia ya Bronfenbrenner, ile inayomweka mtoto katikati na kumzungushia familia, shule, jamii na kadhalika. Ni nadharia nzuri. Lakini ukiifanya ngazi zake kuwa misimbo tangu mwanzo, kila kitu kitaingia kwenye kisanduku chake kwa utulivu, na mwisho utakuwa umethibitisha kwamba mtoto ana familia na anasoma shule. Iweke kando mpaka hatua ya sita.

Kuhusu mtu wa pili wa kusimba. Msimamizi wako anaweza kukutaka upate mwenzako asimbe sehemu ya mahojiano, mkokotoe kiwango cha makubaliano, mara nyingi kwa kappa ya Cohen. Sawa, ila angalia umeandika nini kwenye sura ya mbinu. Kama umesema unafuata uchambuzi wa dhamira (wa kutafuta mawazo makuu yanayojitokeza kwenye mahojiano) wa Braun na Clarke, ule waliouandika mwaka 2006 wenye awamu sita, ujue waandishi hao wanapinga matumizi ya vipimo vya makubaliano ndani ya njia yao, kwa sababu wanamwona mtafiti kuwa sehemu ya uchambuzi. Ukichanganya vyote viwili, mtahini makini atakuuliza, na hutakuwa na jibu. Chagua njia moja uitetee.

Kuhusu programu za kusimbia. NVivo, ATLAS.ti na MAXQDA ni za kulipia. Taguette na QualCoder ni za bure na zinatosha. Lakini kwa mahojiano yasiyozidi 20, mimi husema wazi: tumia lahajedwali, kama Excel. Safu ya kwanza namba ya msailiwa, ya pili kipande, ya tatu msimbo, ya nne maoni yako. Kipande chenye misimbo mitatu kinakaa mistari mitatu. Unachuja, unapanga, unaona kila kitu mbele ya macho yako. Programu kubwa hurahisisha sana kuongeza misimbo, na tatizo la anayeanza halijawahi kuwa uhaba wa misimbo.

Na lini usimame? Utasikia "mahojiano 12 yanatosha". Chanzo chake ni utafiti wa Guest, Bunce na Johnson wa mwaka 2006. Walichambua mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria wakaona kwamba mambo mapya yalikuwa karibu yameisha kufikia la 12. Wanaolinukuu husahau kwamba wasailiwa wale walikuwa kundi linalofanana kiasi na waliulizwa maswali yaleyale. Ukiwa na walimu, maafisa na walezi, una makundi matatu, na kila moja lina hesabu yake. Andika tarehe kila msimbo mpya unapozaliwa. Mahojiano matatu mfululizo ya kundi moja yakipita bila msimbo mpya wa maana, una cha kumwonyesha msimamizi.

Hatua ya 6: Dhamira

Chapa majina ya misimbo, yakate vipande, yatandaze mezani, uyasogeze. Dhamira iwe sentensi inayoweza kupingwa. "Ushirikiano wa shule na ustawi" ni kichwa cha habari tu. "Afisa ustawi huitwa kuidhinisha uamuzi uliokwishafanyika" ni dai, na dai linakulazimu utafute msailiwa anayelivunja. Mtafute kwelikweli. Yule mwanafunzi alimpata: afisa mmoja tu kati ya sita ambaye shule ilimwita mapema, kwa sababu zamani aliwahi kufundisha hapo. Ukurasa ulioeleza kisa hicho ndio uliokuwa bora katika sura nzima.

Sasa irudishe nadharia mezani, uone inaeleza nini na inashindwa wapi.

Hatua ya 7: Sura ya matokeo

Dhamira tatu au nne. Kila nukuu ifuatwe na maelezo yako, walau marefu kama nukuu yenyewe, na usimpe msailiwa mmoja nukuu nusu ya sura kwa kuwa anazungumza vizuri.

Tasnifu ikishapitishwa, fungua fomu ya ridhaa uone uliahidi rekodi zitafutwa lini. Iweke tarehe hiyo kwenye kalenda ya simu, na ikifika zifute zote, pamoja na ile nakala iliyoko kwenye diski ya nje.