Namna ya Kusoma Majaribio ya Dawa ya Utengamao wa Kiharusi Kabla ya Kugusa Dawa za Mgonjwa

Kijana mmoja alimleta mama yake kliniki akiwa na simu mkononi. Mama alikuwa amepata kiharusi miezi minane nyuma, mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea, na alitembea kwa fimbo. Katika kundi la WhatsApp la ukoo wao palikuwa na habari kwamba kidonge cha kutibu sonona kiitwacho fluoksetini kinarudisha nguvu za mkono uliopooza. "Daktari," aliniuliza, "kama dawa ipo na bei yake si kubwa, kwa nini mama hapewi?"

Mimi ni mfamasia katika hospitali ya rufaa ya mkoa, na swali hilo ni la haki kabisa. Habari ile haikutungwa hewani: ilitokana na jaribio la kweli, lililochapishwa katika jarida linaloheshimika. Naandika mwongozo huu kwa wafamasia, waganga, wauguzi na wataalamu wa fiziotherapia wanaoulizwa maswali ya namna hii bila kuwa na mtaalamu wa mishipa ya fahamu wa kumpigia simu. Nitatumia mfano huo mmoja wa fluoksetini toka mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa unaonyesha vizuri kuliko mwingine wowote niujuao jinsi tiba inavyoweza kuonekana ya ajabu katika jaribio dogo, kisha ikapwaya wagonjwa wanapokuwa wengi.

Hatua ya 1: Andika swali lako kabla ya kufungua jarida

Chukua karatasi uandike ni mgonjwa gani, dawa gani na kwa kipimo gani, inalinganishwa na nini, na matokeo gani yana maana kwake. Swali langu lilikuwa hivi: kwa mwanamke wa zaidi ya miaka sitini aliyepata kiharusi miezi minane iliyopita, je, fluoksetini miligramu 20 kila siku pamoja na mazoezi itamwezesha kuoga, kuvaa na kula kwa mkono wake kuliko mazoezi peke yake, na itamletea hatari gani? Ukianza kusoma bila swali, utajikuta umeridhika na jibu la swali ambalo mgonjwa wako hakuuliza.

Hatua ya 2: Tafuta majaribio yote, usiishie kwenye lile la kwanza

PubMed, hazina ya mtandaoni ya tafiti za tiba, inatafutika bure kwa simu, na taasisi nyingi za nchi zetu zina haki ya kuingia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaofungua majarida ambayo vinginevyo yanalipiwa. Tafuta jina la dawa pamoja na neno la kiharusi, kisha panga majibu kwa mwaka.

Kwa fluoksetini utakutana kwanza na FLAME, jaribio la Ufaransa lililochapishwa mwaka 2011 likiwa na wagonjwa 118 kutoka vituo tisa. Hili ndilo lililokuwa nyuma ya habari ya WhatsApp. Ukiendelea utakuta mengine matatu, ambayo watafiti waliyapanga kwa utaratibu unaofanana ili matokeo yaweze kuunganishwa: FOCUS la Uingereza lenye wagonjwa 3,127, AFFINITY la Australia, New Zealand na Vietnam lenye wagonjwa 1,280, na EFFECTS la Sweden lenye wagonjwa 1,500. Jumla yao ni watu 5,907. Yeyote anayekutajia FLAME peke yake baada ya mwaka 2020, hata kama ana nia njema, amekusimulia hadithi nusu.

Hatua ya 3: Tazama walipima nini

Hapa ndipo wasomaji wengi wanapopotea, kwa hiyo tusiharakishe.

FLAME lilitumia kipimo cha Fugl-Meyer. Mtaalamu humwomba mgonjwa afanye miondoko mbalimbali, kwa mfano kukunja kiwiko, kuinua bega au kushika kitu kwa kidole gumba na cha shahada, na kila mwondoko hupewa 0 ukishindikana, 1 ukifanyika kwa sehemu na 2 ukikamilika. Alama za juu kabisa za viungo ni 100, yaani 66 za mkono na 34 za mguu. Katika FLAME, baada ya siku 90, waliopewa fluoksetini walipanda kwa wastani wa alama 34, na waliopewa plasebo, yaani kidonge kinachofanana lakini kisicho na dawa ndani, walipanda kwa alama 24.3. Tofauti hiyo ya karibu alama kumi ndiyo iliyoleta msisimko.

Iangalie tena ile 24.3. Watu ambao hawakumeza dawa yoyote ya utafiti walipanda alama ishirini na nne, kwa sababu ubongo hujirekebisha wenyewe kwa kasi zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo, na kwa sababu wagonjwa wote wa jaribio lile walifanyiwa fiziotherapia. Mtu aliyekunywa mizizi katika kipindi hicho atasema ni mizizi, aliyepakwa mafuta atasema ni mafuta, na wote watakuwa wanasema kweli kuhusu nafuu waliyoiona. Kundi la kulinganisha lipo ili kutenganisha nafuu ya dawa na nafuu ambayo ingekuja hata hivyo. Utafiti wa tiba ya kiharusi usio na kundi hilo mimi siutumii kubadilisha dawa ya mtu.

Majaribio makubwa yalitumia kipimo kingine, kiitwacho Rankin kilichorekebishwa, chenye ngazi kuanzia 0, kwa asiye na dalili yoyote, hadi 6, kwa aliyefariki. Ngazi ya 2 ni mtu anayeweza kujihudumia ingawa hawezi kufanya yote aliyoyafanya zamani, na ngazi ya 3 ni anayehitaji msaada kiasi lakini anatembea mwenyewe. Kipimo hiki hakioni vidole, kinaona maisha. FOCUS lilipowauliza wagonjwa baada ya miezi sita, makundi mawili hayakutofautiana. AFFINITY na EFFECTS yakaja na jibu lile lile.

Wapo wanaosema kwamba Rankin ni kipimo kigumu mno kwa dawa ya mkono, na hoja yao ina uzito. Lakini FLAME nalo liliangalia Rankin: waliofikia ngazi ya 0 hadi 2 walikuwa asilimia 26 ya waliomeza dawa na asilimia 9 ya waliomeza plasebo. Ukigeuza asilimia hizo kuwa vichwa, ni watu 15 kati ya 57 dhidi ya watu 5 kati ya 56. Watu kumi tu ndio waliobeba tofauti yote hiyo. Kila unapoona asilimia, tafuta idadi ya watu iliyo nyuma yake.

Hatua ya 4: Linganisha washiriki na mgonjwa aliye mbele yako

FLAME liliwachukua tu wenye kiharusi cha kuziba kwa mshipa, na dawa ilianza kati ya siku ya 5 na ya 10. FOCUS liliwachukua na waliovuja damu kwenye ubongo, dawa ikaanza kati ya siku ya 2 na ya 15. Mama wa kijana wetu alikuwa na miezi minane tangu apate kiharusi. Hata FLAME lingekuwa sahihi neno kwa neno, lisingekuwa linamzungumzia yeye. Isitoshe, hakuwahi kupigwa picha ya CT, kwa hiyo hatukujua kama mshipa wake uliziba au ulipasuka, na jambo hilo lina uzito kwa dawa yoyote inayogusa kuganda kwa damu.

Hatua ya 5: Soma jedwali la madhara kwa kalamu

Jedwali hili mara nyingi liko mwishoni, kwa herufi ndogo, na wengi hawalifikii. Mimi huanza nalo siku hizi. Katika FOCUS, waliovunjika mifupa walikuwa 45 kati ya 1,564 waliopewa fluoksetini, sawa na asilimia 2.88, na 23 kati ya 1,563 waliopewa plasebo, sawa na asilimia 1.47. Mwandishi wa gazeti angesema dawa imezidisha hatari mara mbili. Mtetezi wa dawa angesema ongezeko halifiki asilimia mbili. Wote wawili wangekuwa sahihi, na wote wawili hawajakusaidia. Fanya hesabu hivi:

Toa 1.47 kwenye 2.88, utapata 1.41. Gawa 100 kwa 1.41, utapata karibu 71. Maana yake ni kwamba katika kila wagonjwa 71 wanaopewa dawa hii kwa miezi sita, mmoja atavunjika mfupa ambao usingevunjika.

Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa upande wa faida, kwa kuwa faida ilikuwepo. Waliopata sonona mpya walikuwa asilimia 13.43 kwa dawa na 17.21 kwa plasebo. Tofauti ni 3.78, na 100 ukiigawa kwa 3.78 unapata 26 na kidogo, kwa hiyo tunasema wagonjwa 27 wapewe dawa ili mmoja aepushwe na sonona. Namba hizo mbili, 71 na 27, ndizo za kuweka mezani mnapojadiliana.

Kisha angalia kama madhara yanajirudia katika majaribio mengine. Yalijirudia. Katika AFFINITY waliovunjika walikuwa 19 dhidi ya 6, walioanguka 20 dhidi ya 7, na waliopata degedege 10 dhidi ya 2. Katika EFFECTS waliovunjika walikuwa 28 dhidi ya 11, na walioshuka sodiamu katika damu 11 dhidi ya 1. Jambo likitokea mara tatu katika nchi tofauti, usiliite bahati mbaya. Na kwa mtu ambaye upande mmoja wa mwili umelegea, kuvunjika nyonga ni kurudishwa kitandani baada ya miezi ya kujifunza kusimama.

Usidhani kwamba mazoezi hayahitaji kusomwa hivi. Jaribio la AVERT la mwaka 2015, lenye wagonjwa 2,104, lilijaribu kuwainua wagonjwa mapema zaidi na mara nyingi zaidi kuliko kawaida, kuanzia ndani ya saa 24. Waliokuwa na hali nzuri baada ya miezi mitatu walikuwa asilimia 46 katika kundi hilo, na asilimia 50 katika kundi la huduma ya kawaida. Mazoezi nayo yana kipimo chake na wakati wake.

Hatua ya 6: Fungua mfuko wa dawa

Jaribio huchuja wagonjwa, kliniki haichuji. Mwambie ndugu aje na kila kitu kilichopo nyumbani, pamoja na vya duka la dawa la mtaani na vya mitishamba, kisha mvipange mezani kimoja kimoja huku ukiuliza: hiki unameza lini, nani alikupa, na kwa ajili ya nini?

Mama yule alikuwa na aspirini, dawa mbili za presha, yaani amlodipini na bendrofluazidi, na chini kabisa ya mfuko, kwenye bahasha ya kaki isiyoandikwa kitu, vidonge vya maumivu vya diklofenaki alivyonunua kwa ajili ya bega. Alikuwa anavimeza asubuhi na jioni kwa wiki nyingi.

Fluoksetini ingeingiaje hapo? Pamoja na aspirini na diklofenaki ingezidisha uwezekano wa kutokwa damu tumboni, na pamoja na bendrofluazidi ingezidisha uwezekano wa sodiamu kushuka. Kwa mgonjwa mwingine ungetafuta pia warfarini, tramadoli, fenitoini na karbamazepini, kwa kuwa zote hugongana nayo, na klopidogreli, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa kuwa fluoksetini huzuia kimeng'enya cha ini ambacho klopidogreli hukihitaji ili ifanye kazi. Kumbuka kuwa fluoksetini hukaa mwilini kwa wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, kwa hiyo mgongano hauishi siku unapoisimamisha.

Diklofenaki ile, tena, ilikuwa hatari kubwa kuliko swali zima lililowaleta: hupandisha shinikizo la damu, hupunguza nguvu ya dawa za presha, na yenyewe inahusishwa na kiharusi. Shinikizo lake siku ile lilikuwa 168 kwa 96.

Hatua ya 7: Amua, eleza, andika

Nilimweleza kijana kwamba dawa aliyoisoma ilijaribiwa kwa maelfu ya watu, haikurudisha uwezo wa kujihudumia, iliongeza kuvunjika mifupa, na ilianzishwa katika siku za mwanzo ambazo kwa mama zimeshapita. Nilimwuliza mama mwenyewe kuhusu usingizi, hamu ya kula, na kama bado anafurahia vitu alivyovipenda, kwa sababu mgonjwa wa kiharusi mwenye sonona ni habari nyingine: huyo anastahili kutibiwa sonona yake, na fluoksetini inaweza kuwa chaguo halali baada ya hesabu ya hatua ya 5 na ukaguzi wa hatua ya 6. Aliye tayari kwenye dawa hiyo kwa sababu hiyo asiambiwe aiache ghafla.

Katika faili niliandika dawa zote nne, sababu ya kutokuanzisha fluoksetini, na kwamba diklofenaki imesimamishwa. Lau angekuwa amepata madhara, ningejaza siku hiyo hiyo fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa ya TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania. Kwa maumivu tulimpa parasetamoli, na mtaalamu wa fiziotherapia akamwonyesha kijana namna ya kuegemeza mkono juu ya mto mama anapokaa, na kutomwinua kamwe kwa kumvuta mkono uliolegea, maana kuvutwa huko ndiko kulikokuwa kunaliumiza bega. Tuliwapangia kurudi baada ya wiki mbili kupima presha na sodiamu, waje na mfuko ule ule.