Kabla Flashi Haijarudi Kutoka Steshenari

Mdogo wangu alikwenda kuprinti ripoti yake ya utafiti siku moja kabla ya kuikabidhi chuoni. Steshenari ilikuwa na foleni na kompyuta moja, na kila aliyefikiwa na zamu alichomeka flashi yake palepale ilipochomolewa ya mwenzake. Aliporudi nyumbani akaichomeka kwenye laptopu, akakuta folda zake zote zina kishale kidogo kwenye kona ya chini. Akabofya moja, ikafunguka kama kawaida, naye akaendelea na kazi. Kufikia usiku, kila flashi iliyopita kwenye laptopu ile ilikuwa na vishale.

Kirusi cha namna hiyo hakifuti kitu. Kinazificha folda zako halisi, kisha kinaweka njia za mkato (shortcut) zenye majina yaleyale. Unapobofya, kwanza unakiendesha kirusi, halafu folda yako inafunguka, ndiyo maana huoni kasoro yoyote. Ukikutana nacho, usiformati flashi kwa hofu, kazi yako ingali humo. Safisha kompyuta kwanza kwa antivirasi, kisha flashi yenyewe. Halafu fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E iwe herufi ya flashi yako. Folda zitajitokeza tena, nawe ufute vile vishale.

Lakini hiyo ni tiba. Ninayemwandikia hapa ni yule ambaye mashine yake bado nzima na ana jioni moja ya utulivu.

Anza na nakala ya pili ya kazi zako, kwa sababu mengine yote yakishindikana hiyo ndiyo itakayobaki. Nunua diski ya nje, hata iliyotumika kidogo, uhamishie nyaraka na picha, kisha uichomoe. Kuichomoa ni muhimu sana: virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia hufunga pia kila diski vinayoikuta imeunganishwa. Zile kazi ambazo huwezi kuziandika upya, ziweke pia mtandaoni. Akaunti ya Google inatoa GB 15 bila malipo, na ripoti, hesabu za duka na vyeti vilivyoskaniwa vinaenea humo vizuri tu. Kisha fungua faili mojawapo ukiwa kwenye kompyuta nyingine, uone kama kweli linafunguka. Wengi hugundua siku ya msiba kwamba walichohifadhi ni folda tupu.

Zinafuata apdeti, yaani marekebisho ambayo mtengenezaji hutuma kuziba mianya ya programu zake. Najua kwa nini watu wetu huzizima: bando ni ghali, na apdeti moja ya Windows inaweza kulimaliza. Hata hivyo, tarehe 12 Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150, kikavuruga hospitali za Uingereza, kikidai dola 300 kwa kila kompyuta. Dawa yake Microsoft ilikuwa imeitoa tangu Machi, takriban miezi miwili nyuma. Walioumia ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimeipokea. Kwa hiyo usizizime kabisa. Ziahirishe hadi utakapokuwa na bando la usiku, au uibebe laptopu mara moja kwa mwezi mahali penye Wi-Fi unayoiamini, chuoni au ofisini, uiache imalize.

Kama unatumia Windows 10, fahamu kwamba msaada wake wa kawaida, pamoja na apdeti, ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa kompyuta zenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel, inataka kwa kawaida ya kizazi cha 8 kwenda juu, kwa hiyo muulize muuzaji kizazi kabla hujalipia laptopu ya mtumba. Ile ya zamani uliyonayo usiitupe. Linux Mint, mfumo unaowekwa badala ya Windows, haina gharama, inapokea apdeti zake, na kwa kuandika na kuperuzi inatosha.

Hapa niseme wazi jambo ambalo mafundi wengi hawapendi lisemwe. Mlango mpana kuliko yote ni programu zilizokrakiwa, yaani za kulipia zilizovunjwa kufuli ili zitumike bure. Fungua folda ya kraki yoyote usome maelezo yaliyomo: mara nyingi mstari wa kwanza unakuambia uzime antivirasi. Ukishaizima na kuruhusu programu hiyo iendeshwe kwa mamlaka yote ya kompyuta, umemfungulia mgeni usiyemjua. Wezi wa siku hizi hawana haja ya kuharibu kitu. Wanachukua maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari na kuondoka kimya, wewe unaendelea kusifia kwamba Office yako ya bure inafanya kazi. LibreOffice inafungua nyaraka za Word na Excel kihalali, bila senti. Na fundi akikurudishia mashine, hakikisha Microsoft Defender, antivirasi inayokuja na Windows, imewashwa, na uangalie kama kuna orodha ya folda alizoiambia isizikague. Ukikuta orodha hiyo, muulize kwa nini.

Washa pia mpangilio unaoonyesha mwisho wa majina ya mafaili. Bila huo, faili liitwalo Ankara.pdf.exe linaonekana kama Ankara.pdf, nalo si ankara bali ni programu.

Kwa kazi za kuprinti, steshenari nyingi sasa hupokea kwa WhatsApp au barua pepe. Mtumie mwenye duka PDF, flashi ibaki nyumbani. Asiyepokea, mpelekee flashi yenye faili hilo moja tu, na uiformati ukirudi kabla hujaifungua. Usifungue barua pepe yako kwenye kompyuta ya dukani hata kama foleni inakusukuma.

Ruta ya nyumbani, kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi, ibadilishwe nenosiri ililokuja nalo. Mtu akikupigia simu akidai kompyuta yako ina tatizo na kukuomba usakinishe AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali, ili aiingie, kata simu, hata kama analijua jina lako.

Mwisho kabisa, weka uthibitisho wa hatua mbili (nenosiri, kisha msimbo wa simuni) kwenye barua pepe, maana huko ndiko maneno mengine yote ya siri hubadilishiwa. Utapewa misimbo ya akiba ya kutumia simu ikipotea. Usiihifadhi kwenye laptopu hiyohiyo. Inakili kwa kalamu, uiweke kwenye bahasha moja na cheti chako cha kuzaliwa.