Halloween na watoto wa maternelle (shule ya chekechea): namna ninavyoifanya hapa Lubumbashi, hatua kwa hatua

Kila mwaka, katikati ya Oktoba, joto likiwa limetukalia shingoni na mawingu yanazunguka tu bila kunyesha, mzazi mmoja au wawili huniuliza getini: "Mwalimu, na sisi tutafanya ile ya maboga?" Wengi wao wamekaa Afrika Kusini, au mtoto wao ameiona kwenye simu ya kaka yake. Nafundisha mwaka wa pili wa maternelle, watoto wa miaka minne. Nimeifanya mara tatu sasa. Ya kwanza niliiharibu mwenyewe, nitaeleza.

Hatua ya 1. Zungumza na wazazi wiki mbili kabla

Usiwafiche jina. Ukiiita "sherehe ya watoto" halafu mtoto arudi nyumbani na kuitaja Halloween, utakuwa umepoteza imani ya mzazi kwa jambo dogo. Mimi naandika barua fupi: ni mkesha wa Watakatifu Wote, tarehe 31 Oktoba. Ina mizizi ya zamani huko Ireland, ambako watu waliadhimisha mwisho wa mavuno na kuingia kwa majira ya baridi. Katika karne ya 19 wahamiaji wa Ireland waliipeleka Marekani. Kwao walikuwa wakichonga sura ya mtu kwenye tanipu, mzizi wa mviringo unaofanana na figili kubwa. Marekani wakakuta maboga, nayo yanachongeka vizuri zaidi.

Kisha naandika tutakachofanya (boga, vinyago vya wanyama, kupiga hodi, kula) na ambacho hakitakuwepo: mchawi, damu, mifupa, jeneza. Sentensi hiyo ya pili ndiyo inayotuliza watu.

Kuhusu mchawi sibadilishi msimamo hata kidogo. Huko Marekani mtoto akivaa kofia nyeusi ndefu na kushika ufagio, watu wanacheka na kumpiga picha. Hapa kwetu neno *mulozi* (mchawi) likimgusa mtoto halitoki. Tunawafahamu watoto waliofukuzwa nyumbani kwa sababu ya neno hilo, wanalala sokoni. Katiba yetu, ibara ya 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka kifungo cha mwaka 1 hadi 3 kwa anayefanya hivyo. Sitamvalisha mtoto wa mtu, kwa mchezo wa asubuhi moja, vazi ambalo jirani anaweza kulikumbuka siku mdogo wa mtoto huyo atakapougua.

Hatua ya 2. Tafuta boga mapema

Oktoba si msimu wake. Mengi utakayoyapata sokoni ni ya tangu mwisho wa mvua zilizopita, ganda limekauka, gumu kama ubao. Yana ladha nzuri, lakini kisu kinateleza. Kwa hiyo kata kifuniko nyumbani, jioni, na umwombe mtu mwenye mkono wenye nguvu akusaidie. Macho na mdomo pia vikatwe nyumbani. Darasani kisu kisionekane kabisa.

Boga likikosekana, chukua papai kubwa lililoanza kugeuka rangi. Usichukue bichi kabisa, utomvu wake unawasha ngozi.

Kazi ya watoto ni kutoa matumbo ya boga, na hapo ndipo penye utamu wa siku nzima. Tandika gazeti chini, boga katikati, watoto sita wakilizunguka, kila mmoja na kijiko. Dakika mbili tu vijiko vimetupwa, mikono imezama hadi viwiko. Wapo wanaochukia ule utelezi. Wape kazi ya kupokea mbegu na kuzihesabu katika bakuli. Mwaka jana msichana mmoja, asiyesema zaidi ya maneno kumi kwa siku, alinusa viganja vyake muda mrefu akasema: "Inanukia sawa shamba ya kambo." Nikaacha somo la kuhesabu, tukazungumza habari za shamba la kambo wake (hapa kwetu kambo ni babu au bibi).

Hatua ya 3. Vinyago, na kosa langu

Mwaka wa kwanza tulinunua kinyago cha plastiki, cheusi, chenye meno. Mwenzangu akakivaa nje na kuingia ghafla kwa mlango wa nyuma. Nilifikiri watapiga kelele na kucheka. Kelele zilikuwepo. Mvulana mmoja aliingia chini ya meza, akajikojolea. Kwa wiki nzima, kila yule mwalimu alipomnyooshea mkono amsalimie, mtoto alimgusa shavu kwanza, akalivuta kidogo, ndipo akampa mkono.

Mtoto wa miaka mitatu au minne hajui bado kwamba mtu akibadilisha uso anabaki yule yule. Kwa hiyo sasa tunafanya hivi:

– Kinyago kinatengenezwa na mtoto mwenyewe, kwa katoni, mbele ya macho yake.
– Hakifungwi usoni. Kinabandikwa kwenye kijiti, kinashikwa mkononi, kinashushwa wakati wowote. Katika joto hili linalopita digrii 30, uso uliofungwa unatoka jasho na mtoto hapumui vizuri.
– Mwalimu naye anaweka chake usoni mbele yao, anasema "Mimi ni nani?", anakishusha, anacheka. Rudia hata mara kumi. Hawachoki.

Wanyama wanatosha: chui, kanga, kinyonga, tembo. Mistari myeupe ya vinyago vya kifwebe, vya mila ya Waluba, inapendeza sana kwenye katoni nyeusi, na ukiweza kuwapeleka Makumbusho ya Lubumbashi kuona vinyago, wapeleke. Mimi naazima mistari tu, sisemi tunatengeneza kifwebe. Kifwebe kina wenyewe na kazi yake.

Hatua ya 4. Hodi

Watoto wa Marekani hugonga milango ya majirani na kudai pipi, la sivyo watafanya utundu. Sisi tuna kitu kizuri zaidi cha kuwafundisha. Tunatoka kwa mstari, tunagonga darasa la mwaka wa tatu: "Hodi!" Wa ndani wanaitika "Karibu!" Mtoto anasalimia, anajitaja ("Mimi ni kinyonga"), anapewa kitu, anashukuru. Kisha ofisi ya mkurugenzi, kisha mama wa jikoni, ambaye huwa anaigiza kuogopa vizuri kuliko sisi wote. Hatutoki nje ya uzio wa shule.

Hatua ya 5. Chakula

Ndizi zilizokatwa, mandazi, boga la kuchemsha. Karanga nzima hapana, pipi ngumu za mviringo hapana: zinawakaba watoto wa umri huu. Wazazi wataleta bombo (pipi) hata ukiwakataza. Zipokee, zigawe saa ya kutoka, mzazi aamue mwenyewe.

Hatua ya 6. Kufunga

Pazia zishushwe nusu, taa ndogo ya betri iwekwe ndani ya boga (mshumaa usiingie darasani), wimbo mmoja wa polepole. Vinyago vibaki ukutani hadi wiki ijayo. Mtoto asitembee barabarani akiwa amevaa vitu ambavyo wapita njia hawakuelezwa.

Maswali ya walimu na wazazi

Mwalimu wa Kolwezi: Yaya, miye niko nafundisha bana 38 mu klasi moya, na mwalimu ni paka miye (mimi tu). Nitafanya namna gani na rangi bila bote kupakaa ku ukuta?

*Jibu:* Mdogo wangu, acha rangi. Chaki nyeupe na kipande cha makala (mkaa) kwenye katoni vinatosha, na ukuta unafutika. Boga lifanywe na sita sita, wengine wakiwa uwanjani na mama mmoja uliyemwomba aje. Siku ikikuzidi, gawa mara mbili: leo boga, kesho hodi.

Baba wa Likasi: Mchungaji wetu amesema hiyo ni sikukuu ya shetani. Mwanangu atafanyaje wenzake wakicheza?

*Jibu:* Baba, sibishani na mchungaji wako. Niambie tu mapema. Mtoto wako atatoa mbegu na kula boga kama wengine, maana boga halina dini. Wakati wa hodi atakuwa ndani ya darasa la mwaka wa tatu, upande wa wanaoitika "Karibu". Hatakaa peke yake pembeni hata dakika moja. Na kama wazazi wanne au watano wa darasa langu wangekataa, ningeiacha nzima. Siku ya boga inaweza kufanywa mwezi wa nne, maboga yakiwa mengi na bei imeshuka.

Mwalimu wa Bukavu: Mama, asante. Katika darasa langu kuna waliofiwa na wazazi, na waliosikia risasi. Je, niifanye?

*Jibu:* Dada, wewe unawaona, mimi siwaoni. Ukifanya, toa kila kinachoshtua: hakuna giza, hakuna anayetokea ghafla, hakuna puto (likipasuka utajuta). Mtoto akiuliza habari ya mama yake aliyekufa, mjibu pale pale kwa maneno mafupi na ya kweli. Lakini usichanganye mazungumzo hayo na mchezo. Sisi Wakongo tunayo siku ya wafu wetu, tarehe 1 Agosti, tunapokwenda asubuhi kusafisha makaburi ya wazazi. Watoto wanaielewa hiyo kuliko fuvu la plastiki.

Mama wa Kipushi: Mbegu mnazipeleka wapi?

*Jibu:* Tunaziosha, tunazianika kwenye dirisha juu ya gazeti, kila mtoto anapewa tatu ndani ya karatasi iliyoandikwa jina lake. Huko ilikotoka, sikukuu hii ilikuwa ya kufunga mavuno. Kwetu mwisho wa Oktoba ndiyo kwanza watu wanalima wakisubiri mvua. Mvua ya kweli ikinyesha mara mbili, tunapanda nyuma ya vyoo, pale penye udongo mweusi. Mwaka jana kuku wa mlinzi walikula nyingi. Yalitoka mashina manne, na majani yake tuliyapika kabla ya Krismasi.