Unataka koti imwambie gavana majukumu yake ya pesa? Pitia njia hii

Watu wangu wa Kisumu, Nakuru, Kakamega, Bungoma na kwingine huku kwetu, kila bajeti ya kaunti ikikwama naona watu wanaandika "twende kotini, majaji wamshauri gavana", na ni wazo zuri kabisa, shida ni wengi wanabisha mlango wenye si wao, kesi inatupwa mapema na pesa ya wakili imeshaenda. Pesa ya kaunti ndo dawa ya dispensari, ndo mshahara wa mwalimu wa chekechea, kwa hivo si mambo ya kubahatisha.

Hapa Kenya kuna koti moja tu yenye inaweza kupea serikali ushauri wa katiba bila watu kushtakiana, nayo ni Mahakama ya Juu, ile ya majaji saba kule Nairobi. Soma Kifungu cha 163(6) cha katiba. Mahakama Kuu, ile yenye iko Kisumu na Nakuru, haitoi ushauri, yenyewe inaamua kesi. Usichanganye hizo mbili juu ndo kosa linaua kesi nyingi. Marekani wana mpango wao, kila jimbo na katiba yake, kule Florida gavana mwenyewe anaweza andikia majaji wa koti ya juu ya jimbo kuuliza juu ya mamlaka na majukumu yake, na 1987 gavana wao aliuliza hivo kuhusu ushuru mpya wa huduma. Massachusetts wako na hiyo kitu tangu katiba yao ya 1780.

Kwetu wenye wanaruhusiwa kuuliza ni watatu: serikali ya kitaifa, asasi ya dola, na serikali ya kaunti, na lazima swali lihusu serikali za kaunti. Mwananchi hayumo. Kwa hivo uko na kazi mbili za kuchagua, ama usukume kaunti yako iulize, ama uende Mahakama Kuu wewe mwenyewe na kesi kamili.

Lakini kabla ya zote mbili, angalia kama sheria imeshajibu swali lako. Hapa ndo nataka ukae kidogo juu nusu ya vile watu wanabishania imeandikwa tayari. Chukua katiba, na chukua Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, zote zinapatikana bure kwa mtandao. Gavana anaweza kukopa? Kifungu cha 212 kinasema ni mpaka serikali ya kitaifa iwe mdhamini na bunge la kaunti likubali, vyote viwili, kimoja hakitoshi. Anaweza kuongeza tozo ya soko kwa notisi tu imebandikwa ukutani? Hapana, Kifungu cha 210 kinataka sheria, kwa hivo mama anauza omena Kibuye ako na haki ya kuuliza tozo imetoka kwa sheria gani ya fedha na ilipitishwa lini. Bunge la kaunti limechelewesha bajeti mpaka Julai imeingia? Sheria hiyo ya 2012 tayari imeweka njia ya bunge kuruhusu kaunti itumie sehemu ya makadirio, isiyozidi nusu, huduma zisife wakati mnangoja. Maswali kama haya usiyapeleke kwa majaji saba, peleka kwa MCA wako, yaani mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti, na umwonyeshe kifungu.

Alafu fungua kitabu cha bajeti chenyewe. Usianze na hotuba, enda straiti kwa jedwali la muhtasari, kuna laini ya matumizi ya kawaida na laini ya maendeleo. Maendeleo inafaa isiwe chini ya asilimia 30 ya bajeti katika kipindi cha kati, yaani ukipima kwa miaka kadhaa, so kaunti ya bajeti ya bilioni 10 inafaa iweke kama bilioni 3 kwa barabara, maji, masoko na vitu kama hivo. Mishahara na marupurupu, kanuni za 2015 za hiyo sheria ya fedha za umma zinasema isipite asilimia 35 ya mapato yote. Sasa chukua ripoti ya Mdhibiti wa Bajeti, ile ofisi inafuatilia vile pesa ya umma inatumika, uweke kando ya hicho kitabu, juu kitabu kinaonyesha vile walipanga na ripoti inaonyesha pesa ilienda wapi kweli, na mara nyingi hapo kwa maendeleo utaona waliandika namba kubwa wakatumia kidogo sana. Hiyo tofauti ndo ushahidi wako. Piga picha ukurasa, andika namba ya ukurasa. Kama ofisi inakunyima karatasi, andika ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, wako na siku 21 za kukujibu, wakikataa unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Kalenda nayo ishike kichwani: mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bungeni kufikia 1 Septemba, karatasi ya mkakati wa fedha 28 Februari, makadirio 30 Aprili, na yote inafaa imalizwe kabla 30 Juni. Ukija na malalamiko Agosti juu ya kitu ulikalia kimya Machi, utakuwa na kazi ngumu.

Sasa kama umesoma na bado kuna swali halijajibiwa, na linagusa kaunti zote ama mvutano wa kaunti na serikali ya kitaifa, hapo ndo unaandikia kaunti ombi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki ya kuandikia serikali ya kaunti na pia bunge lake. Barua iwe fupi. Usiandike "gavana ameshindwa na kazi tunataka koti iseme", hiyo ni siasa na hakuna jaji ataigusa. Andika hivi: "Sisi wakazi wa wadi hii tunaomba serikali ya kaunti, kupitia wakili wa kaunti, iombe Mahakama ya Juu ushauri chini ya Kifungu cha 163(6) kuhusu swali hili moja: Bunge likipunguza mgao wa kaunti baada ya kaunti kupitisha bajeti yake, gavana ana jukumu gani la kikatiba kwa matumizi yaliyoidhinishwa tayari?" Ona vile swali ni moja, halimtaji mtu, na linahusu katiba. Na si la kuwazia tu, 2024 mgao wa kaunti ulianza bilioni 400.1 ukashushwa, mwisho ukawa bilioni 387.4, na kaunti zilikuwa zimepangia ile pesa ya kwanza. Pelekeni nakala kwa gavana, kwa karani wa bunge la kaunti na kwa seneta, na mpigiwe muhuri ya kupokelewa kwa nakala yenu. Bila muhuri hamna barua.

Mambo yenye majaji huangalia wameshayaeleza tangu uamuzi wao wa 2011. Swali liwe la umuhimu mkubwa kwa umma, liwe la haraka, lisiwe liko mbele ya koti ya chini. Hiyo ya mwisho iko na maana sana: kama jirani yenu ameshafaili kesi Mahakama Kuu juu ya jambo hilo hilo, ushauri unaweza kukataliwa. Ongeeni kwanza kama kaunti jirani.

Na msiseme ushauri ni maneno tu. Majaji walisema mwenye ameomba anafaa aufuate, vinginevyo alikuwa anatafuta tu wa kumkubalia. 2013 Seneti ilirukwa kwa Mswada wa Ugavi wa Mapato, ule unagawa pesa kati ya serikali ya kitaifa na kaunti, maseneta wakaenda Mahakama ya Juu, na 1 Novemba mahakama ikasema Seneti lazima ihusishwe. 2019 Seneti na Bunge la Kitaifa walivutana juu ya mgao wa kaunti, Seneti wanataka bilioni 335, Bunge la Kitaifa wanataka chini ya hapo, kaunti zikakaa bila pesa miezi, magavana wakapitia Baraza lao wakaomba ushauri. Ulitolewa 15 Mei 2020: Bunge haliwezi kupitisha sheria ya matumizi ya serikali ya kitaifa kabla ya ile ya ugavi wa mapato, na mapendekezo ya Tume ya Ugavi wa Mapato hayafungi mtu ila lazima yazingatiwe. Kwa maoni yangu huo ushauri wa 2020 umesaidia dispensari za vijijini kuliko hotuba zote za mikutano ya hadhara, na inaniuma kwamba ni wachache huku kwetu wanaujua.

Ikiwa kaunti imekataa kuuliza, ama shida yenu ni gavana mwenyewe amevunja sheria, basi ni Mahakama Kuu. Kifungu cha 22 na 258 kinaruhusu mtu yeyote, hata kwa niaba ya umma. Kanuni za 2013 za kesi za haki za msingi zinaruhusu hata barua ya kawaida ipokelewe kama ombi pale haki inavunjwa, kwa hivo usikae nyumbani juu hauna wakili. Beba ile barua yenye muhuri, kurasa za bajeti, ripoti ya Mdhibiti, na ushahidi wa vile wananchi walihusishwa ama hawakuhusishwa: tangazo la mkutano lilitoka lini, mkutano ulikuwa wapi, nani alikuwa na nakala ya mswada mkononi. Hiyo ya kuhusishwa ina nguvu sana, 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 juu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kama ugomvi ni wa kaunti na serikali ya kitaifa, majaji watauliza kama njia za mazungumzo za Kifungu cha 189 zilijaribiwa kwanza, kwa hivo weka na hizo barua.

Ushauri ama hukumu ikitoka, usisome gazeti peke yake. Enda mwisho wa uamuzi, penye wanaandika majibu kwa kila swali, toa kopi ya hizo kurasa, na usome pia jaji mwenye alitofautiana na wenzake, sheria inamtaka aandike sababu zake. Alafu peleka hiyo kopi kwa MCA wako na kwa jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti kabla ya kikao cha Februari, wakati mkakati wa fedha bado unaandikwa na namba bado zinaweza kubadilishwa.