Shokapu za lori: mambo ya kuangalia kabla ya masika Pemba

Masika yakishaanza, kati ya Machi na Mei, lori la mchanga au simenti hapa Pemba halina siku ya kulala gereji. Ukishatoka kwenye lami kuelekea vijijini, mashimo yamejaa maji na hujui lipi lina kina cha kiganja na lipi lina kina cha goti. Kwa hiyo shokapu nataka uzishughulikie wakati wa kaskazi, Januari na Februari, njia zikiwa kavu na fundi akiwa anaweza kulala chini ya gari bila kuogelea kwenye tope.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yake, maana nasikia madereva wengi wakisema shokapu ndiyo inayobeba mzigo. Haibebi. Mzigo unabebwa na springi, au na mifuko ya upepo kwa gari za aina hiyo. Springi ikiminywa na shimo hufyatuka juu, ikashuka, ikafyatuka tena, na shokapu ndiyo inayoituliza. Ndani yake mna pistoni inayosukuma oili ipite kwenye vitundu vidogo, na nguvu yote ya ule mtikisiko inageuka joto. Shokapu ikifa, tairi inakuwa inadunda juu ya barabara badala ya kuishika. Tairi isiyogusa lami haifungi breki. Anayeshuka na simenti au kupanda na mizigo ya meli pale bandarini Mkoani, lami ikiwa imelowa, anajua kwa nini nalisema hili kwa mkazo.

Usizihesabu shokapu kwa kilomita peke yake. Viwanda vinavyotengeneza shokapu za malori makubwa vimezoea kutaja maili 150,000, yaani karibu kilomita 240,000, kuwa ndio wakati wa kuzibadilisha. Hesabu hiyo ni ya malori yanayokata masafa kwenye barabara kuu zilizonyooka. Kisiwa chetu hakifiki kilomita 70 kwa urefu. Tipa linaweza kufanya kazi mwaka mzima kati ya shimo la mchanga na maeneo ya ujenzi, saa ya kilomita ikasogea kidogo tu, huku shokapu zimepigwa na kila jiwe la njia. Tena malori mengi yetu yameingia yakiwa yameshatumika nje, na hujui shokapu ulizozikuta zilifungwa lini. Mimi ningesema hivi: lori la njia za ndani likaguliwe kila kabla ya masika na kila linapoingia gereji kwa servisi, hata kama saa inaonesha kilomita chache.

Ukaguzi unaanzia barabarani, na lori liwe tupu. Hapa ndipo watu wanapokosea. Lori likiwa limejaa, uzito unalikandamiza na ubovu unajificha. Dereva anakwambia gari iko sawa. Lirudi tupu kutoka kushusha matofali, lipite kwenye njia unayoijua vizuri, ndipo utasikia. Likivuka tuta, halafu likaendelea kunesanesa mara ya pili na ya tatu badala ya kutulia, shokapu zimechoka. Ukifunga breki pua ikazama sana mbele, au kwenye kona yenye matuta madogo madogo nyuma ikachupa pembeni, ni dalili hiyo hiyo. Usukani unaotetemeka kwenye mwendo fulani unaweza kuwa shokapu, lakini pia unaweza kuwa beringi ya gurudumu, kingpini (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia) au tairi isiyokuwa na balansi, kwa hiyo usikimbilie kununua. Na ile ya kubonyeza pembe ya gari kwa mikono kama wafanyavyo kwa gari ndogo, achana nayo. Springi za lori ni ngumu mno, hutapata jibu lolote.

Sasa lile joto. Endesha lori kwa dakika kumi na tano au zaidi kwenye njia yenye mashimo, simama mahali tambarare, weka kabari magurudumuni, kisha ndani ya dakika chache gusa chuma cha chesisi karibu na shokapu, halafu gusa mwili wa shokapu sehemu ya chini. Gusa kwa ncha ya kidole kwanza, maana inaweza kuwa moto wa kuunguza. Shokapu inayofanya kazi inakuwa na joto kuliko chesisi. Ikiwa ya kulia ina joto na ya kushoto imepoa kama chuma cha chesisi, hiyo ya kushoto haifanyi kazi, hata ikiwa imepakwa rangi na inang'aa. Fundi mwenye kipimajoto cha mwanga, kile kinachopima bila kugusa, apime kwa hicho, ni salama zaidi na namba hazina ubishi mwingi. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo bora tulicho nacho bila mashine yoyote, na kinanishangaza kwamba gereji nyingi hazikifanyi.

Baada ya hapo macho. Pitisha kidole juu ya mtungi wa shokapu. Ukipata utando mwembamba wa oili ulioshika vumbi karibu na sili ya juu, ule mpira unaozuia oili isitoke, usiogope. Sili inahitaji ulowevu kidogo ili fimbo ya pistoni iteleze. Ukikuta oili imetiririka, imelowesha mtungi mpaka chini na inadondoka, hiyo imekwisha. Kuna wauza shokapu wanaosema utando wowote ni kuvuja, na kuna mafundi wanaosema hata ya kudondoka "bado inasukuma". Wote wawili wanakutia hasara. Angalia pia fimbo kama imepinda au imechubuka, mtungi kama umebonyea kwa jiwe, na bushi za mpira kule juu na chini: zikipasuka au zikiwa bapa utasikia mgongano kila gurudumu linapoingia shimoni. Halafu mulika mabano yanayoshika shokapu kwenye chesisi. Sisi tuko baharini, upepo wa chumvi hautupi nafasi, na bolti iliyoliwa na kutu inaweza kukatika shokapu yenyewe ikiwa nzima.

Tairi za mbele zitakuongezea ushahidi. Tembeza kiganja kwenye uso wa tairi kwa kuzunguka. Ukihisi mabonde na vilima vinavyopishana, tairi imekuwa ikidunda. Sababu ya kwanza ya kuichunguza ni shokapu, ukishahakikisha beringi na balansi ziko sawa.

Kabla hujatoa pesa, kagua springi. Jani la springi lililovunjika, senta bolti (inayoshika majani pamoja) iliyokatika au yuboti (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) zilizolegea zitaiua shokapu mpya ndani ya muda mfupi. Vivyo hivyo ile tabia ya kuongeza majani ili lori lipakie zaidi ya uwezo wake: springi inakuwa na nguvu kuliko shokapu iliyotengenezwa kuituliza. Hapo tajiri analalamika kwamba shokapu za siku hizi ni mbovu, na shokapu haina kosa. Usishangae pia ukichungulia nyuma ya lori la springi za majani mengi usikute shokapu kabisa. Malori mengi ya namna hiyo yametengenezwa hivyo, kwa sababu majani yanaposuguana yenyewe hupunguza mtikisiko. Kwenye lori la mifuko ya upepo mambo ni tofauti: mara nyingi shokapu ndiyo inayozuia ekseli isishuke kupita kiasi, na ikikatika mfuko unaweza kuvutika mpaka ukapasuka. Hiyo usiiahirishe hata siku moja.

Kuhusu vipuri, agiza mapema. Kinachokosekana madukani Chake au Wete kitatoka Unguja au Dar kwa boti, na masika bahari ikichafuka unasubiri. Mpelekee muuzaji vipimo: urefu shokapu ikiwa imesukumwa ndani kabisa, urefu ikiwa imevutwa kabisa, na kama inafungwa kwa macho (matundu ya kupitishia bolti) au kwa stadi (ncha zenye nyuzi za nati). Usinunue kwa kufananisha rangi. Shokapu fupi kuliko inavyotakiwa itavutwa mpaka mwisho wake na kung'oka. Ndefu itagonga chini na kupasua mtungi. Nunua mbili kwa ekseli moja. Ukifunga mpya upande mmoja na kuacha ya zamani upande wa pili, lori litatulia kushoto na kunesa kulia, na dereva ndiye atakayepigana na usukani.

Siku ya kufunga, simama karibu na fundi kwa mambo matatu. Shokapu mpya mara nyingi huwa imelala kwenye boksi kwa miezi, basi isimamishwe kama itakavyokaa kwenye gari, ivutwe na kusukumwa mara kadhaa mpaka iwe nzito sawasawa mwanzo hadi mwisho, ili hewa itoke kwenye njia ya oili. Fimbo isishikwe kwa koleo hata kidogo, kwa sababu mkwaruzo mmoja utakata sili kila inapopita. Na nati za bushi zikazwe kabisa lori likiwa limesimama kwa magurudumu yake, sio likiwa juu ya jeki, la sivyo mipira itakaa imejinyonga na kuchanika mapema. Zile za zamani zenye gesi zisikatwe kwa moto wala kuchomelewa. Gesi iliyobanwa ndani inaweza kulipuka.

Lori likishafanya kazi kama wiki moja, lirudishe, nati zote za shokapu zipitiwe tena kwa spana, na lile jaribio la joto lirudiwe pande zote mbili.