Jinsi ya kuhakiki filamu mpya kwa jicho la Kikatoliki

Hapa Mombasa nawaandikia vijana wa parokia uhakiki wa filamu, na swali linalorudi kila mara ni, "Hii Mkatoliki anaruhusiwa kuitazama?" Swali hilo liache hadi hatua ya mwisho.

Kwanza, itazame yote. Iwe Nyali Cinemax au kwenye laptopu nyumbani, fika mwisho. Alama za Bodi ya Uainishaji Filamu ya Kenya (GE ya watu wote, PG ya watoto wakiwa na mzazi, 16, 18) zinakupa umri tu.

Pili, tenga kinachoonyeshwa na kinachosifiwa. Hapa ndipo penye kazi. Inter Mirifica, hati kuhusu vyombo vya mawasiliano iliyotolewa mwaka 1963 na Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki), inakubali kwamba kusimulia uovu kunaweza kutusaidia kumjua binadamu kwa undani zaidi, mradi kusichochee tamaa mbaya. Basi usikae kuhesabu matusi. Jiulize: mume akitoka nje ya ndoa, mkewe tunamwona akiumia, au anaondolewa haraka ili tufurahie mapenzi mapya? Aliyeuawa ana jina na mama wa kumlilia? Na anayesamehewa, ametubu au filamu imechoka naye? Filamu yenye dhambi nyingi inaweza kusema kweli, na ya kifamilia, safi kabisa, ikafundisha kwamba fedha ndiyo baraka. Hiyo ya pili mimi huiogopa zaidi.

Tatu, kagua mambo ya Kanisa. Katika Conclave, filamu ya 2024 kuhusu makadinali wanaomchagua Papa mpya, kadinali aliyeteuliwa kwa siri na Papa marehemu anaruhusiwa kupiga kura. Kwa kanuni ya 351 ya Sheria za Kanisa, kadinali ambaye Papa hakutangaza jina lake hana haki hiyo. Liseme kosa kwa sentensi moja, kisha endelea. Filamu hiyo ina mengine ya kujadili, hasa imani na shaka. Lakini padre akionyeshwa akitoboa siri ya kitubio, yaani dhambi alizoungamiwa, kama shujaa, hapo simama ueleze: kanuni ya 983 haimruhusu, kwa sababu yoyote ile.

Nne, ufundi. Uigizaji mbovu ni mbovu hata kama filamu inamhusu mtakatifu. Sema hivyo.

Tano, andika. Jirani yako Mwislamu naye atausoma uhakiki wako, kwa hiyo fafanua kitubio ni nini. Usitoboe mwisho wa hadithi. Funga kwa kuwaambia wazazi inafaa kuanzia umri gani, na ni tukio lipi waketi na watoto wao walizungumzie.