Rauta mpya: ethi kwanza, umeme mwisho

Nikiitwa kufunga rauta ya ofisi hapa Busia, mara nyingi nakuta wenyewe wameshaichomeka ukutani waone taa zikiwaka. Nawaomba sana, msifanye hivyo. Waya wa kwanza kufungwa ni wa ethi, yaani unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini; wa umeme ndio wa mwisho.

Huku karibu na Ziwa Viktoria radi ni nyingi. Msimu mmoja wa mvua niliitwa kwenye chama cha akiba, rauta imeungua, na nyuma yake waya wa ethi, wa kijani na njano, unaning'inia bila kufungwa popote. Wanachama walikuwa wamepanga foleni wakingoja pesa zao. Sijaisahau siku ile.

Kwa hiyo tafuta skrubu yenye alama ya ethi kwenye kasha la nje la rauta. Kama sehemu hiyo imepakwa rangi, ikwangue hadi chuma kionekane, kisha kaza waya na uupeleke kwenye ethi ya jengo. Bomba la maji si ethi.

Sasa laptopu ya kuipangia rauta mipangilio. Tundu la CONSOLE na la MGMT hufanana, mara nyingi yote ni ya RJ-45, yaani plagi ile ya waya wa mtandao, na vijana wengi hukosea hapo. CONSOLE huongea na rauta hata kama haina anwani ya mtandao (IP). MGMT hutumika ukishaipa anwani ya IP, na waya wake usizidi mita 100. Anza na CONSOLE. Fungua PuTTY, programu ya kuongea na rauta, chagua Serial: kasi 9600, biti 8, pariti hakuna, stopu biti 1, flow control hakuna. Ukiona herufi za ajabu, kasi hailingani.

Ndipo umeme. Zima swichi ya ukutani, chomeka upande wa rauta, kisha ukutani. Ile tabia ya kufungua soketi kwa kalamu ili plagi ya miguu miwili iingie, iacheni: inaikosesha rauta ethi ya ukutani. Rauta yenye pawa mbili, yaani vipokea umeme viwili, moja iende UPS (betri ya akiba), nyingine laini tofauti.

Washa huku ukitazama laptopu. Maandishi ya kuamka yatapita, na hitilafu ikiwapo utaiona hapo hapo. Kama ina pawa mbili, kabla ya kuondoka zima moja, kisha irudishe uzime ya pili. Rauta isizimike mara zote mbili.